Mali Bila Daftari: Somo kwa Makatibu Juu ya Pesa Inayobadilika

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika, Kilindoni, Mafia



Mwishoni mwa mwezi wa Aprili 2025 nilifika katika chama kimoja cha msingi kufanya ukaguzi wa kawaida. Tulihesabu fedha taslimu, tukazilinganisha na daftari, na hesabu ikakubali. Chini kabisa ya kasha palikuwa na bahasha iliyofungwa kwa lakiri, imeandikwa kwa mkono: "Mfuko wa Mazishi, usiguswe." Ilifungwa mwaka 2009. Daftari lilisema ndani yake mna shilingi 340,000. Mizania ya kila mwaka ilisema vivyo hivyo. Tulipoifungua tulizikuta shilingi 340,000 kamili, hakuna hata moja iliyopungua. Hata hivyo fungu lile zima lisingeweza kununua kibiriti.

Noti zote zilikuwa za toleo la mwaka 2003. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya kuanzia 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya 500 ya toleo la 2010, zirudishwe benki zibadilishwe, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya hapo hazitakuwa fedha halali tena. Sisi tulifungua bahasha majuma matatu baada ya mlango kufungwa.

Katibu wa chama hicho ni mtu mwaminifu. Hakuiba, wala hakukopesha kwa siri. Tangazo halikumfikia. Mimi nililisikia tangu mwaka 2024, lakini sikumkumbusha. Tena nilikwisha kulikagua kasha lile mara mbili, nikaiona bahasha na lakiri yake, nikaridhika. Kwa hiyo somo hili naliandika kama mtu alipaye deni.

Wahenga walisema akiba haiozi. Basi imekuwaje akiba iliyotunzwa kwa uaminifu ioze ndani ya kasha? Ili kujibu swali hilo yatupasa tujiulize kwanza pesa ni kitu gani.

SEHEMU YA KWANZA: MANENO YETU YASHUHUDIA

Lugha yetu ina majina mengi ya kitu hiki, na kila jina lina historia yake. Fedha ni jina la madini meupe, kwa kuwa zamani aliyepokea sarafu alipokea madini yenyewe. Pesa ni sarafu ndogo ya Bara Hindi, iliyoletwa na biashara ya rupia. Hela ni sarafu ya Wajerumani. Shilingi ni ya Waingereza. Watawala na wafanyabiashara wale wamekwenda zao, na majina yamebaki vinywani mwetu.

Hapa kwetu ushahidi ni wa kale zaidi. Kisimani Mafia, mji wa zamani ulioko upande wa magharibi wa kisiwa, ambao bahari imeendelea kuula mwaka hata mwaka, zimepatikana sarafu za shaba zenye majina ya masultani wa Kilwa. Shaba ile haikuwa na thamani kubwa kwa uzito wake. Iliyoipa nguvu ni jina lililogongwa juu yake, na makubaliano ya watu wa Kilwa, Mafia na majirani zao kwamba wataipokea. Sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mbali kiasi hicho kutoka utawala ulioziamini, zilikuwa vipande vya shaba tu.

Kauri nazo zinafundisha jambo la pili. Kwa karne nyingi kombe hizi ndogo za Bahari ya Hindi zilitumika kama pesa katika Afrika Magharibi na katika sehemu za bara letu. Hadi leo Waganda huita pesa "ensimbi", yaani simbi. Zilikubalika kwa sababu hazikuwa rahisi kupatikana mbali na bahari, na hakuna mtu aliyeweza kuzighushi. Lakini kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, akiwamo O'Swald, walianza kununua kauri kwa wingi katika pwani hii ya Afrika Mashariki, wakizipakia melini na kuzipeleka pwani ya Afrika Magharibi. Ziliwasili kwa tani na tani. Thamani yake ikaporomoka, na mzee wa huko aliyekuwa ameweka akiba ya kauri kwa ajili ya wanawe akajikuta na rundo la kombe. Hakuna aliyegusa akiba yake. Usafiri na biashara ndivyo vilivyobadili wingi wa pesa, na wingi ukabadili nguvu yake.

Jambo la tatu tulifundishwa na serikali ya Kijerumani. Mwaka 1897 iliamuru kodi ya nyumba. Mtu aliyekuwa anaishi kwa minazi yake, mashua yake na shamba lake sasa alilazimika kuitafuta rupia, ama kwa kuuza mazao, ama kwa kuuza nguvu zake. Hapo tunaona kwamba pesa hupata nguvu pia kutokana na serikali kuidai. Rupia hiyo iligawanywa kwa pesa 64 hadi mwaka 1904, ndipo serikali ikaamua igawanywe kwa hela 100. Kwa kalamu moja, hesabu ya soko zima ikabadilika.

Kisha vikaja Vita Kuu vya Kwanza. Waingereza waliichukua Mafia mwezi wa Januari 1915. Wajerumani, wakiwa wamezingirwa na kukosa sarafu kutoka kwao, walichapa noti za dharura, na mwaka 1916 wakagonga sarafu zao wenyewe mjini Tabora katika karakana ya reli: za shaba nyeupe na nyekundu, na hata za dhahabu ya Sekenke zenye picha ya tembo. Sasa jiulize, ndugu mwanachama: baada ya vita, mwenye sarafu ya dhahabu na mwenye noti ya dharura, nani aliyelala usingizi? Dhahabu ilibaki dhahabu. Noti ilikuwa ahadi, na ahadi ina nguvu kwa kadiri ya nguvu za aliyeitoa.

Kutokana na mifano hii tunapata fasili ya somo letu: pesa ni ahadi inayopokelewa na wengi. Wakati mwingine ahadi huandikwa juu ya shaba, wakati mwingine juu ya karatasi, na siku hizi juu ya kioo cha simu. Kinachoibeba kinaweza kubadilika bila ahadi kubadilika. Na ahadi inaweza kubadilika bila kinachoibeba kubadilika. Bahasha yetu ya mazishi ilikutwa na hilo la pili.

SEHEMU YA PILI: SERA NA NGUVU YA SHILINGI

Baada ya vita vile, Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1919, makao yake yakiwa London. Bodi hiyo ndiyo iliyotuletea shilingi, ikilingana moja kwa moja na shilingi ya Kiingereza. Kwa hiyo Uingereza ilipopunguza thamani ya paundi mwezi wa Septemba 1949, shilingi ya mkulima wa mbata wa Mafia ilipunguzwa siku hiyo hiyo, na hakuna aliyemwuliza.

Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi tarehe 14 Juni 1966, na shilingi yetu wenyewe ikatolewa. Mwezi wa Novemba 1967 Uingereza ikapunguza tena thamani ya paundi. Safari hii Tanzania haikufuata. Tofauti kati ya 1949 na 1967 ndiyo maana halisi ya nchi kuwa na sarafu yake: uamuzi umehamia nyumbani.

Lakini uamuzi kuwa wa nyumbani hakumaanishi kuwa ni mwepesi. Kuelekea katikati ya miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika, na bei zilikuwa zikipanda kwa takriban asilimia 30 kwa mwaka. Katikati ya mwaka 1986 serikali ilishusha thamani ya shilingi kutoka takriban 17 hadi takriban 40 kwa dola moja ya Marekani. Tufanye hesabu. Chama kilichoweka akiba ya shilingi 1,700 kwa nia ya kununua kipuri cha mashine cha dola 100, sasa kilihitaji shilingi 4,000. Daftari halikuonyesha hasara yoyote. Tarakimu ilikuwa ile ile, 1,700, imeandikwa kwa wino safi. Kilichopungua ni nguvu yake.

Haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Korosho yetu huuzwa nje kwa dola. Dola inapoleta shilingi nyingi zaidi, kilo ile ile ya korosho inaweza kumletea mkulima shilingi nyingi zaidi. Anayeuza nje hupata nafuu, na anayenunua kutoka nje huumia. Mkulima wetu ni wote wawili, maana auzapo korosho hununua dawa ya kupulizia mikorosho na petroli ya mashine ya boti. Kwa sababu hiyo Katibu asiwaambie wanachama kwamba shilingi kushuka ni jambo jema tu au baya tu. Awaonyeshe hesabu za pande zote mbili.

Tangu Januari 2024 Benki Kuu inaongoza wingi wa fedha kwa kutumia riba yake, iliyoanza kwa asilimia 5.5. Makatibu wengine huniuliza: riba ya Benki Kuu yatuhusu nini sisi? Jibu ni hili. Benki inapomkopesha mtu, aghalabu haimpi maburungutu ya noti. Humwandikia tarakimu katika akaunti yake, na tarakimu hiyo ni pesa, kwa kuwa aweza kuilipa. Sehemu kubwa ya pesa ya nchi huzaliwa hivyo, kwa maandishi ya mabenki. Riba ikipanda, wanaokopa hupungua, na maandishi hayo hupungua. Riba ikishuka, huongezeka. Hivyo Benki Kuu hujaribu kuzuia kisa cha kauri kisitupate.

Turudi kwenye bahasha. Tuchukulie mfano kwamba bei zilipanda kwa asilimia 5 tu kila mwaka kwa miaka 15. Kitu kilichouzwa shilingi 340,000 mwanzoni kingeuzwa karibu shilingi 707,000 mwishoni. Kwa maneno mengine, hata kama Katibu angewahi benki kabla ya tarehe 5 Aprili akabadilishiwa noti zote, angerudi na fungu lisilofikia nusu ya nguvu iliyokusudiwa na wazee waliolichanga. Bahasha ile ilikufa mara mbili. Kwanza ilidhoofika polepole kwa kupanda kwa bei, kisha ikakatika ghafla kwa amri ya sheria. Lakiri iliilinda dhidi ya mwizi. Dhidi ya hayo mawili haikuwa na uwezo wowote.

SEHEMU YA TATU: PESA ILIYO NDANI YA SIMU

Mwezi wa Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilianzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaanza Tanzania kwa Vodacom. Nyingine zikafuata. Visiwani kwetu faida yake haina ubishi. Zamani mwanafunzi wa Mafia aliyesoma bara alingoja mtu anayevuka kwa mashua kwenda Nyamisati ambebee ada. Leo baba yake anatuma akiwa amekaa barazani Kilindoni.

Lakini Katibu lazima aelewe kinachotokea. Unapompa wakala noti, noti haiingii ndani ya simu. Wakala anakuhamishia sehemu ya salio lake, watu huliita floti, na noti yako inabaki kwenye droo yake. Upande wa pili, kampuni inatakiwa na sheria kuweka benki, katika akaunti ya amana, fedha zinazolingana na salio lote lililo katika simu za wateja. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa na kanuni zake za mwaka 2015 ndizo zilizoweka msingi huo. Kwa hiyo salio la simu ni ahadi juu ya ahadi: kampuni inaahidi, benki imeshika, na Benki Kuu inasimamia. Siku mashua zisipovuka na wakala akaishiwa noti, salio lako ni zima lakini huwezi kulitoa. Mvuvi wa pweza wa Jibondo analijua hili vizuri kuliko vitabu.

Tena kuihamisha pesa hiyo kuna bei, na bei hiyo nayo ni sera. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Wananchi walilalamika, na mwezi wa Septemba mwaka huo viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30, vikabadilishwa tena baadaye. Chama kilichopitisha bajeti yake mwezi wa Juni bila kuhesabu makato kilijikuta kinadaiwa maelezo na wanachama. Makato ni gharama kama nauli. Yana haki ya kuwa na safu yake katika daftari.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, sikuiona katika tozo. Mwaka 2022, katika chama kimoja cha wavuvi cha pwani ya bara, wanachama walikuwa wanachanga kununua mashine ya boti. Kwa urahisi walimtumia mhazini katika laini yake mwenyewe. Zilikwisha kufika shilingi 1,860,000 alipougua ghafla akafariki dunia. Laini ilisajiliwa kwa alama za vidole vyake, kama ilivyoamriwa nchi nzima tangu mwaka 2019. Namba ya siri aliijua yeye peke yake. Mbele ya sheria fedha zile zilikuwa mali ya marehemu, na watoto wake walikuwa warithi.

Mjane alikuwa mcha Mungu, hakudai kisicho chake. Lakini hakuweza kuzitoa mpaka Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi. Ilichukua miezi mitano. Msimu mzuri wa uvuvi ukapita bila mashine. Kilichowaokoa wavuvi wale ni daftari la mazoezi la shule, lenye kurasa zilizolowa chumvi, ambamo marehemu aliandika kila jina, kila tarehe na kila kiasi. Warithi walipoliona hawakuwa na neno, na fedha zikarudi zote.

Na kabla ya hapo mimi nilikuwa nimelipitia daftari lile lile, nikatia alama ya vyema kila ukurasa. Nilihakiki kiasi. Sikuuliza kiasi hicho kimewekwa kwa jina la nani.

SEHEMU YA NNE: KATIBU NA KALAMU YAKE

Tumekwisha kuona kwamba pesa ya leo kwa sehemu kubwa ni maandishi: katika benki, katika simu, katika leja. Maana yake ni kwamba Katibu wa chama cha msingi anafanya kazi iliyo karibu na ya mgonga sarafu wa Kilwa. Akiandika vibaya, pesa imeharibika.

Tuchukue mfano wa korosho. Tangu msimu wa 2007/2008 mfumo wa stakabadhi ghalani umetumika katika zao hili. Mkulima anafikisha gunia chamani, linapimwa, karani anaandika. Karatasi ile ndiyo itakayozaa malipo katika akaunti ya mkulima baada ya mnada. Tuseme mizani imesema kilo 86, na karani kwa haraka akaandika 68. Tuseme bei ya mnada ni shilingi 3,000. Mkulima amepoteza shilingi 54,000, na hakuna mwizi aliyeingia ghalani. Katika msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kuwalipa wakulima kupitia akaunti zao, malipo yalitanguliwa na uhakiki. Ambaye kumbukumbu zake zilikuwa safi alikuwa na cha kuonyesha.

Kwa hiyo, ndugu Katibu, kila aina ya pesa inayoingia chamani, iulize maswali matatu.

La kwanza: Nani anasimama nyuma yake? Noti inasimamiwa na Benki Kuu, salio la simu na kampuni pamoja na benki ya amana, hati ya mnunuzi na mnunuzi mwenyewe. Ukikosa jibu, usipokee. Kwa kipimo hicho utawajibu pia vijana wanaokuja chamani na habari za sarafu za mtandaoni zinazoahidi faida ya upesi. Benki Kuu iliutahadharisha umma juu ya sarafu hizo mwaka 2019 kwamba si fedha halali nchini. Waulize nani atalipa ahadi hiyo ikivunjika. Fedha ya wanachama si ya kubahatisha.

La pili: Nani anaweza kubadili masharti yake, na habari itatufikiaje? Hapa ndipo bahasha ilipotushinda. Mfano mwingine ni kanuni za tarehe 28 Machi 2025, zilizokataza bei na malipo ya bidhaa na huduma nchini kutajwa au kufanywa kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo yaliyotajwa na kanuni zenyewe. Chama kinachouza samaki au mboga kwa hoteli za wageni upande wa Utende kiandike mikataba yake kwa shilingi.

La tatu: Tukiulizwa ushahidi, tutaonyesha nini? Ujumbe wa simu hufutika, na simu huanguka baharini. Daftari na stakabadhi hubaki.

Kutokana na maswali hayo, naagiza mambo yafuatayo katika vyama vyote ninavyovikagua, na nawashauri wengine wayafuate.

1. Fedha ya chama isikae katika laini ya mtu binafsi hata kwa siku moja. Chama kifungue akaunti benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na kama kinapokea kwa simu, kitumie Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la chama. Tangu Aprili 2025 ipo pia Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma. Bodi ilinganishe masharti ya benki mbalimbali kabla ya kuamua.

2. Kila muamala wa simu uandikwe siku ile ile katika daftari: tarehe, jina la mlipaji, kiasi, makato, na namba ya kumbukumbu ya muamala. Kila mwisho wa mwezi taarifa ya benki na ya simu ilinganishwe na daftari mbele ya mjumbe mmoja wa bodi.

3. Namba ya siri isiandikwe ukutani wala katika jalada la daftari. Vilevile isijulikane na mtu mmoja tu ambaye akifa chama kinafungwa naye. Bodi iweke utaratibu wa kumbadilisha mtia saini, nao uandikwe katika mihtasari.

4. Bahasha zote zilizofungwa zifunguliwe na kuhesabiwa mbele ya mashahidi angalau mara mbili kwa mwaka. Kiasi cha fedha taslimu kisizidi kile kilichoruhusiwa na mkutano mkuu.

5. Akiba ya muda mrefu isilazwe katika kasha. Iwekwe mahali inapopata faida, na kila mwaka mkutano mkuu uulizwe: je, kiasi hiki bado kinatosha kazi tuliyokikusudia? Mfuko wa mazishi upimwe kwa bei ya sanda na nauli ya mashua ya leo.

6. Matangazo ya Benki Kuu, ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika na ya Halmashauri yabandikwe katika ubao wa chama na kusomwa kwa sauti mkutanoni, maana si kila mwanachama anasoma, na si kila anayesoma anapita ofisini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Kwa nini thamani ya kauri ilianguka Afrika Magharibi ijapokuwa hakuna aliyeziiba wala kuzighushi?

2. Chama kina shilingi 500,000 zilizokusudiwa kununua mizani mpya baada ya miaka mitatu. Bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, mizani hiyo ya shilingi 500,000 itauzwa kiasi gani wakati huo? (Jibu: karibu shilingi 579,000.)

3. Mwanachama anataka kulipa hisa kupitia simu ya Katibu kwa kuwa ofisi imefungwa. Katibu amjibu nini?

4. Taja ahadi zote zilizopo kati ya gunia la korosho linalopimwa chamani na noti inayofika mkononi mwa mkulima. Ni ipi iliyo dhaifu zaidi katika chama chenu?

5. Katika kasha la chama chenu, kuna bahasha gani ambayo haijafunguliwa mwaka huu?

Namalizia na habari ya chama kile. Katibu alisimama mbele ya mkutano mkuu akasema atazilipa shilingi 340,000 kutoka mfukoni mwake. Nami nikaeleza wazi sehemu yangu. Wanachama walijadili kwa muda mrefu, na baadhi walisema maneno makali, waliyokuwa na haki nayo. Mwishowe waliamua hasara iandikwe kama hasara, na kila mwanachama achange upya kidogo kidogo hadi mfuko ujae, safari hii katika akaunti. Mama mmoja mzee, aliyekuwa miongoni mwa waliochanga mwaka 2009, aliomba noti zile zisichomwe. Alisema zikae kasha lile lile, ili kila Katibu mpya akikabidhiwa ufunguo azikute, naye aulize.

Wahenga walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ile ilikuwa na daftari. Ilipotea kwa sababu daftari liliangalia kiasi tu, halikuangalia ahadi iliyo nyuma ya kiasi. Basi, ndugu Katibu, kabla hujalala leo, fungua kasha.